Shamba la Mahindi Nalo Lilishwe

Tani moja ya punje za mahindi inapotoka shambani huondoka na takriban kilo 15 za naitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 4 za potasiamu. Mabua yakiondoka pia, kwa kuliwa na ng'ombe au kuchomwa moto, hasara ya naitrojeni huongezeka karibu kwa nusu, na potasiamu inayopotea hupita kwa mbali ile iliyobebwa na punje, kwa sababu mmea wa mahindi huweka sehemu kubwa ya potasiamu yake kwenye bua na majani. Huo ndio ulaji wa zao tunalolima mwaka baada ya mwaka mahali pale pale, huku tukilalamika kwamba ardhi imechoka.

Kwa miaka mingi wastani wa mavuno ya mkulima mdogo wa Tanzania umezunguka tani moja na nusu kwa hektari, yaani magunia sita hivi kwa ekari. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali imerudisha ruzuku ya mbolea, na mimi ni miongoni mwa walioifurahia. Lakini katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini utasikia kauli moja ikirudiwa: udongo umezoea mbolea. Mkulima aliyekuwa akitia mfuko mmoja sasa anatia miwili, na magunia hayaongezeki kama zamani.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Udongo wenye mboji hushika chembe za mbolea na kuziachia polepole, hunyonya maji ya mvua kubwa na kuyatunza hadi wiki ya jua kali. Mboji ikiisha, hasa kwenye tifutifu la kichanga, urea iliyowekwa Jumatatu inaweza kuzama chini ya mizizi kwa mvua ya Alhamisi. Isitoshe, urea na DAP zikitumiwa peke yake miaka mingi huongeza tindikali. Mbolea ya mfuko ni ile ile. Kilichobadilika ni udongo unaoipokea.

Kuhusu kurudisha mboji hiyo, rafiki zangu wa ugani huzungumzia matandazo na mbolea ya kijani kama teknolojia mpya iliyoletwa na mradi. Waende Mbinga wakaone. Kwenye miteremko mikali ya Umatengo kuna kilimo cha ngoro, ambacho kina umri wa zaidi ya karne moja, na kwa maoni yangu hakuna darasa la mbolea ya kijani lililo bora zaidi katika nchi hii.

Mvua zinapoelekea kwisha, mnamo Machi, majani marefu hufyekwa na kuachwa yanyauke siku kadhaa. Kisha hukusanywa na kupangwa ardhini kwa mistari inayokatana, hata mlima mzima ukaonekana umechorwa miraba, kila mraba ukiwa na upana wa mita moja na nusu hadi mbili. Hapo ndipo jembe huingia, na sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na wanawake. Mlimaji huchimba katikati ya mraba na kuutupa udongo juu ya majani pande zote nne. Akimaliza, katikati pamebaki shimo, na pembeni kuna matuta yaliyofunika majani ndani yake. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Majani yanaoza chini ya mizizi ya maharage, maharage yenyewe yanaongeza naitrojeni, na mvua ikinyesha maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo mpaka bondeni. Baada ya maharage, mvua za Novemba au Desemba zikianza, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Magugu ya palizi hutupwa shimoni nayo yaoze. Mahindi yakishavunwa, shamba hupumzika hadi Machi inayofuata, na ngoro mpya huchimbwa mahali palipokuwa na matuta. Kwa hiyo kila kipande cha shamba hupata zamu yake ya kulishwa.

Wafipa wa Sumbawanga na Nkasi nao wana ntumba, tuta la duara linalofunika nyasi mwishoni mwa mvua, likapandwa maharage, kisha likasambazwa msimu unaofuata kwa ajili ya ulezi au mahindi. Jamii hizi mbili zilijua jambo ambalo maabara imekuja kulieleza kwa hesabu: majani huzikwa mapema, zao la mikunde hutangulia, na mahindi huja baadaye.

Hesabu yenyewe inahusu uwiano wa kaboni na naitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha majani huhitaji naitrojeni ili vifanye kazi. Jani la mikunde kama kunde, marejea au fiwi likikatwa mmea unapochanua, lina kaboni kama mara 15 hadi 25 ya naitrojeni. Vijidudu hushiba na kubakiza. Bua kavu la mahindi lina kaboni mara 60 au zaidi. Ukilifukia na kupanda mahindi juu yake mara moja, vijidudu vitachukua naitrojeni iliyopo udongoni, na wiki tatu baada ya kuota utaona mahindi yako yamekuwa ya njano. Wakulima wengi wamekata tamaa hapo, wakaapa kwamba mabua yana sumu. Mabua hayana sumu. Yanataka muda wa kuoza, au yaachwe juu ya udongo bila kufukiwa, au uongeze naitrojeni kidogo wakati wa kupanda.

Muda ni muhimu kwa upande wa pili pia. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alionyesha katika maandiko yake ya mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka ukinyeshewa mvua ya kwanza, vijidudu huamka kwa kishindo na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Naitrojeni hiyo ikikuta shamba tupu, husombwa na mvua zinazofuata. Ndiyo maana anayepanda na mvua za kwanza hupata mahindi ya kijani kibichi, na jirani aliyechelewa wiki tatu hupata mahindi dhaifu ingawa udongo ni mmoja. Majani uliyoyafukia yana faida kamili pale tu mizizi inapokuwa tayari kuipokea.

Sasa nije kwa marejea, mmea ambao watu wa Ruvuma wanaujua vizuri. Katika miaka ya 1980, Padre Gerold Rupper wa abasia ya Wabenediktini ya Peramiho aliusambaza na kuuandikia kwa bidii kubwa. Una maua ya njano, unapita urefu wa mtu, unakua haraka kuliko magugu mengi na unayafunika. Kule magharibi mwa Kenya mmea huo huo ni mboga, wanauita mitoo, na masokoni Kisumu unauzwa kwa mafungu. Shambani ukistawi vizuri unaweza kutoa tani 4 za majani makavu kwa hektari, zenye takriban kilo 100 za naitrojeni. Kwa ekari ni kilo 40.

Hapa wahamasishaji wengi husimama na kutangaza kwamba kilo 40 ni sawa na mifuko karibu miwili ya urea, kwa kuwa mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hesabu hiyo haiko sawa, na imewaumiza wakulima. Kwanza, sehemu ya naitrojeni iliyomo kwenye marejea ilitoka udongoni humo humo, haikutoka yote hewani. Pili, msimu wa kwanza mahindi hupata kati ya sehemu ya kumi na robo hivi tu ya kile kilichofukiwa. Kingine hubaki kwenye mboji, kingine hupotea. Tuseme mahindi yamepata kilo 8 kati ya zile 40. Ili kutoa tani moja ya punje pamoja na mabua yake, mahindi huhitaji kilo 20 hadi 25 za naitrojeni. Kilo 8 ni magunia matatu na zaidi kidogo kwa ekari. Magunia matatu ni mengi kwa anayevuna sita! Lakini aliyeahidiwa ishirini ataona amedanganywa, na mwaka wa pili hatapanda marejea.

Kuna jambo lingine lililoiua marejea katika mashamba mengi, nalo lina uzito kuliko kemia. Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Ukiipa marejea msimu huo, umeyanyima mahindi. Mama mwenye ekari mbili na watoto watano akikuuliza, "Bwana shamba, nikipanda hayo majani, mwaka huu tutakula nini?" ameuliza swali la kitaalamu kuliko mengi yanayoulizwa kwenye makongamano. Mbolea ya kijani inayodai msimu mzima ni ya mwenye ardhi ya ziada, au ya kipande kilichochoka kabisa ambacho hata kikipandwa mahindi kitatoa debe tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kupanda mikunde ndani ya mahindi, si badala yake. Mahindi yakishapaliliwa mara ya pili, marejea humwagwa kati ya mistari. Inaota kivulini, haina nguvu ya kuyashinda mahindi, na mahindi yanapokauka marejea hupata jua na kuendelea kukua kwa unyevu uliobaki hadi Juni au Julai. Mukuna nayo hufaa, lakini ina pupa ya kupanda juu. Ukiiweka mapema itapanda juu ya mahindi na kuyaangusha, basi ngoja mahindi yachanue. Mbegu zake zina kemikali ya L-dopa, zisipikwe kama maharage ya kawaida.

Ningependa zaidi mkulima achague zao linalolisha udongo na nyumba pia. Fiwi, ambayo Arusha na Kilimanjaro inaitwa ngwara, hupandwa wiki nne hivi baada ya mahindi kuota, hufunika ardhi wakati wa kiangazi, na punje zake hupata soko Kenya, ambako huitwa njahi na ni chakula cha heshima cha Wakikuyu, na hupikiwa mama aliyejifungua. Mbaazi katika mahindi ni jambo la kawaida Babati na Karatu: mizizi yake huenda chini na kurudisha juu virutubisho vilivyozama, na majani yake hupukutika yenyewe na kulala juu ya udongo. Mwaka 2017 India ilipozuia kuingizwa kwa mbaazi, bei iliporomoka na wakulima wengi wakaumia. Waliokuwa wamezichanganya na mahindi walibaki angalau na majani shambani na mboga mezani. Waliolima mbaazi tupu walikuwa na magunia yasiyo na mnunuzi.

Usiridhike kwa kuona mkunde umestawi. Ung'oe mmoja kwa uangalifu, pamoja na udongo wake, unapokaribia kuchanua. Utaona vinundu kwenye mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi ya kuvuna naitrojeni hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kitu, na mmea wako unakula udongoni kama magugu mengine. Mara nyingi kinachokosekana hapo ni fosforasi.

Na hili nalisema bila kumung'unya maneno: hakuna mbolea ya kijani inayotengeneza fosforasi. Majani hurudisha tu ile ambayo mizizi iliichukua humo humo. Udongo wetu mwekundu wenye tindikali huikamata fosforasi kwa chuma na alumini, na mikunde iliyopandwa hapo hudumaa kama mahindi. Tuna mwamba wa fosfati Minjingu, mkoani Manyara, ambao huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wa aina hiyo wenye tindikali. Kuitia Minjingu chini ya mikunde, halafu mahindi yakafuata, ni matumizi bora ya fedha ya mkulima kuliko kurundika urea peke yake.

Wanaobishana kama tutumie majani au mifuko waliangalie jaribio la Kabete, nje kidogo ya Nairobi, lililoanza mwaka 1976. Mahindi na maharage yamelimwa pale kwa miongo mingi, vipande vingine vikipewa mbolea ya dukani peke yake, vingine samadi, vingine mabua yaliyorudishwa, vingine mchanganyiko. Vilivyopata vyote pamoja ndivyo vilivyoshika mavuno mazuri. Mbolea ya dukani peke yake haikuweza. Na mboji ilipungua hata kwenye vipande vilivyotunzwa, kwa kasi ndogo zaidi. Mtu anayelima mahindi mfululizo anashindana na upungufu huo kila mwaka, apende asipende.

Kuhusu matandazo, faida zake zinajulikana: hupunguza makali ya tone la mvua, hupoza udongo, huzuia maji kupotea kwa jua, na magugu hupata shida kuota. Wataalamu wa kilimo hifadhi hudai angalau asilimia 30 ya uso wa shamba ifunikwe wakati wa kupanda. Ili kufikia hapo unahitaji mabua makavu tani 2 hadi 3 kwa hektari. Shamba la tani moja na nusu ya punje hutoa mabua tani 2 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mkulima mwenye mavuno ya wastani lazima abakize shambani karibu kila bua, kisha ng'ombe wake na wa jirani wale nini mwezi wa Septemba? Na katika sehemu kavu kama Dodoma na Tabora, mchwa huwa wamekwisha kula nusu kabla ya mvua.

Mgongano huo na mifugo haumalizwi kwa amri. Historia yetu inayo mfano: mwaka 1955 Waluguru walikataa matuta ya lazima yaliyowekwa na wakoloni milimani kwao, yaliyodai kazi nyingi na kuleta juu udongo usio na rutuba, na vurugu zilizozuka huko Matombo zikamgharimu mtu maisha. Kijiji kinachotaka mabua yabaki kikae na wafugaji wake, kikubaliane sehemu zipi zilishwe na zipi zibaki, na samadi irudi kwenye mashamba yaliyolishwa. Moto ni habari nyingine. Anayechoma mabua hana ng'ombe aliyeshiba wala udongo uliofunikwa. Karibu naitrojeni yote imeenda hewani, na jivu lenye potasiamu linasubiri mvua ya kwanza lisombwe. Kuchoma ndiko kunakostahili kukomeshwa na sheria ndogo za vijiji, tena bila huruma.

Pia kuna mahali nisikoshauri matandazo mazito. Kwenye mbuga za mfinyanzi zinazotuamisha maji, huongeza unyevu hadi mizizi ikakosa hewa. Kwenye baridi ya Makete, udongo uliofunikwa huchelewa kupata joto na mbegu huchelewa kuota. Sehemu hizo fukia majani mapema na uache uso wazi.

Alizeti pori nayo husifiwa sana, na jani lake ni tajiri kweli: likikauka lina asilimia 3.5 ya naitrojeni na potasiamu ya kutosha. Lakini kupata naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea unahitaji zaidi ya tani 3 za majani mabichi, yakatwe barabarani na kubebwa kichwani. Wakulima wa magharibi mwa Kenya waliona mapema kwamba kazi hiyo hulipa kwenye bustani ya sukuma wiki, si kwenye mahindi. Kwa shamba lenye gugu la kiduha, desmodiamu iliyopandwa kati ya mahindi kwa mtindo wa sukuma-vuta, uliotengenezwa na watafiti wa ICIPE kule Mbita, hulipa zaidi, kwa kuwa inadhibiti kiduha huku ikilisha udongo na ng'ombe.

Kinachokwamisha haya yote leo ni mbegu. Nenda duka lolote la pembejeo mjini Songea au Mbeya: utakuta aina nyingi za mahindi chotara na mifuko ya urea hadi mlangoni. Ulizia marejea au mukuna, muuzaji atakutazama. Ruzuku ibaki, lakini mfumo ule ule uliomsajili mkulima kwa mbolea umruhusu kununua kwa bei nafuu kilo chache za mbegu za mikunde ya kufunikia. Halmashauri zenye mashamba yake zitoe ekari za kuzalisha mbegu hizo, na vikundi vya wakulima vifundishwe kuzizalisha kwa daraja la kuazimiwa ubora kama wanavyofanya kwa maharage. Watafiti wa TARI Uyole wana utaalamu huo na wako jirani.

Nawe mkulima, usingoje ruzuku. Chagua robo ekari iliyochoka kuliko zote. Msimu huu tia Minjingu, panda mahindi kwa nafasi, na baada ya palizi ya pili mwaga marejea au panda fiwi kati ya mistari. Julai usiguse majani wala mabua. Msimu ujao panda mahindi hapo na mvua za kwanza, kwa nusu ya urea uliyozoea, kisha pima mavuno kwa debe pembeni ya robo ekari nyingine iliyopata urea kamili bila mikunde. Fanya hivyo misimu mitatu mfululizo kabla hujaamua chochote kuhusu shamba lililobaki.